Pua ya Hodhi

Kwa miaka thelathini na mmoja alikunja foronya kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na hadi leo, akiwa na wajukuu saba, mtaa mzima unamwita Bi Foronya. Jina hilo hakulichukia hata siku moja. Wapo walioitwa mabaya zaidi na hawakukunja chochote.

Nyumbani kwake kuna hodhi la kuogea, la chuma, zito halisemeki. Marehemu mumewe, aliyekuwa mwashi, alilitoa kwenye jumba lililokuwa linabomolewa, akalibeba na wenzake watatu wakipokezana matusi njia nzima, akalipachika kwa mikono yake mwenyewe. Kila jioni Bi Foronya huloweka magoti humo kwa maji ya moto, na kila asubuhi magoti hayo humpeleka sokoni na kumrudisha. Ndiyo maana siku maji yalipogoma kutoka, yakatuama yakiwa na utando wa sabuni kama uji uliolala, moyo ulimpasuka.

"Mama, hili dude limezeeka," alisema mke wa mwanawe, amejishika kiuno mlangoni. Yeye na mumewe wanakaa humo humo kwa Bi Foronya. "Ule mchanga wako wa kusugulia visigino ndio umeliziba. Fundi bomba anakuja saa nane na nyundo. Linavunjwa, tunaweka bomba la mvua, tunaoga tumesimama kama watu. Mwanao ameshakubali."

"Mwanangu amekubali? Hata kuniuliza?"

"Alijua utakataa."

"Basi ananijua. Kuoga tumesimama! Wewe una magoti, mwanangu. Mimi nina kumbukumbu ya magoti."

Mke wa mwanawe alicheka bila kutaka. "Haya, lizibue basi kabla hajafika."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na nusu."

"Nipishe hapo mlangoni, unanizibia mwanga."

Alijifunga kanga kifuani, akaanza. Kwanza alinyoosha henga ya waya ya kutundikia nguo, akakunja ncha yake kama ndoano, akaiingiza kwenye tundu la kutolea maji. Ikashuka shubiri moja na nusu, ikakwama. Akaizungusha, akaibembeleza, akaitukana. Wapi!

Akaenda kuazima kwa jirani ule mpira wa kuzibulia vyoo, wenye mpini wa mbao. Aliusugua kwa sabuni mara tatu, maana hodhi si choo, akaufunika juu ya tundu, akasukuma kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Maji meusi yakaruka kutoka kwenye kile kitundu cha juu, chini kidogo ya bomba, yakamtapakaa usoni.

"Salama, Mama?" sauti iliuliza kutoka jikoni.

"Limenipigia chafya!"

Akajifuta, akasukuma tena. Likapiga chafya tena. Hapo Bi Foronya akaganda na mpini mkononi. Chafya hutokea wapi? Puani.

Yule mwashi wake alikuwa na mchezo wa kuipa nyumba viungo vya mwili. Bawaba aliziita viwiko, dari kipaji cha uso, na lile pindo la bomba chini ya hodhi aliliita goti. Siku alipomaliza kulipachika alimshika mkono akamwonyesha. "Huu mdomo, hii pua. Likishiba sana linapumulia hapa juu, maji yasimwagike sakafuni." Bi Foronya alimcheka, akamwambia akamalize plasta.

"Kumbe nasukuma upepo unatokea puani," alisema kwa sauti. "Mjinga mimi!"

Alichukua foronya kuukuu, akailowesha, akaikunja kwa nne jinsi alivyokunja maelfu, akaishindilia kwenye pua ya hodhi na kuigandamiza kwa kiganja cha kushoto. Akapaka mafuta ya mgando kwenye midomo ya mpira ushike vizuri. Kisha kwa mkono wa kulia, akaanza. Moja. Mbili. Mpini ukawa mgumu, na safari hii nguvu zilikuwa zinakwenda chini. Saba. Nane. Jasho likamwingia machoni. Kumi na moja.

Hodhi likaguna. Likacheua. Kisha likameza, gloo, gloo, gloo, maji yakizunguka kwa mbio, na Bi Foronya akapiga kigelegele kilichomleta mke wa mwanawe na mwiko mkononi.

"Limezibuka?"

"Ngoja kwanza." Aliingiza henga, akanasa kitu, akavuta polepole. Kikatoka kirefu, kinene, kinateleza kama kambare: fundo la nywele za bandia, nyekundu pyu. Akaliinua kwenye mwanga.

"Mchanga wangu huu," alisema. "Naona siku hizi unasukwa."

Mke wa mwanawe alijishika kichwa, penye nywele nyekundu vilevile. "Mama, jamani..."

"Mimi zangu nyeupe, mwanangu. Na hazifiki sikioni."

Saa nane fundi bomba alifika na nyundo begani. Akafungua bomba, akatazama maji yakishuka bila kusita, akamgeukia Bi Foronya.

"Nani kakuzibulia?"

"Mimi. Niliziba pua."

"Pua gani?" Akaonyeshwa kile kitundu cha juu na foronya iliyokunjwa. Akacheka hadi akaitua nyundo chini. "Bibi, hilo jina naondoka nalo."

"Ondoka na nyundo pia. Lakini kwanza nikazie hiyo koki, inadondoka."

Jioni ile alijaza maji hadi kidevuni, hodhi likapumua kwa pua yake taratibu, na magoti yakalegea moja baada ya jingine. Mlango ukabishwa.

"Mama, ukitoka, na mimi naweza kujiloweka?"

Bi Foronya alifumba macho, akajivuna peke yake ndani ya mvuke.

"Ukifunga kilemba," alijibu.