Kisu cha Mama Hakikuzaliwa Ndege

Enzi zetu, wenzangu tuliokulia Kalemie wakati honi ya gari-moshi ilikuwa saa ya kila nyumba, kisu kilipewa heshima kuliko mugeni. Wajukuu wangu hawaamini. Wao wanakiona ku telefoni: kinaruka, kinajigeuza hewani, kinaingia ku muti, chwa! Musichana anapiga makofi. Basi, wamekwisha kusoma. Mimi kambo yao, muzee mwenye aliachia masomo njiani, nitajua nini?

Nakumbuka kisu cha mama. Papa, fundi wa reli, alikitengeneza na kipande cha musumeno uliochoka, akakipiga mupini wa muti kwa misumari miwili na kuuzungushia uzi wa nyavu. Kilikuwa chembamba, kikali, samaki alifunguka kama mulango wa kanisa. Mama alipasulia mikebuka, wale samaki wa ziwa letu, ya kukausha, na ile mikebuka njo ilitulisha na kutusomesha. Tulifika ku masomo tunanuka moshi, paka wa mitaa yote nyuma yetu kama walinzi wa gavana.

Na kisu hakikupewa muntu mukononi. Unakiweka chini, mupini unamuangalia mwenzako, yeye anaokota. Ukimunyooshea mama, anakuuliza: «Unanipa kisu ao unanipa ugomvi?»

Sasa akatufikia Baba mudogo, mudogo wake papa, kutoka Manono, na lunette za jua machoni hata ndani ya nyumba. Asubuhi moja mitumbwi ilirudi imejaa, mama akashuka ku ziwa kuchukua samaki. Wasichana walikuwa wanapita na ndoo za maji. Baba mudogo akaona wanakosa kitu cha kutazama. Akashika kisu cha mama.

«Angalia, mutoto,» akaniambia, «hivi njo wanaume wanafanya.»

Akarusha ku mulango. Kikagonga na mupini, kikaanguka. Wasichana wakasimama. Akarusha tena, kikagonga ubavu, mulango ukamurudishia vizuri kabisa, kikapita karibu na sikio la mudogo wangu mwenye alikuwa anakula kiazi. Mutoto hata hakuacha kutafuna. Muntu mwenye akili angeishia hapo. Baba mudogo akavua lunette, akarusha kwa nguvu zote za Manono. Ncha ikabaki ndani ya mbao, mupini ukapasuka, kisu kikalala chini.

Mama akafika na beseni ku kichwa. Akatazama mulango, akatazama kisu. Jua lilikuwa linapanda, na samaki hangojei muntu atubu. Alikiokota kile kisu, akakiweka chini mbele ya shemeji yake, mupini unamuangalia.

«Shemeji, kile pale. Pasua.»

Alipasua mpaka jua likazama, mikono imejaa malengelenge, na wale wasichana wakirudi na ndoo zao: «Baba mudogo, rusha tena basi, tulikuwa hatuoni vizuri!» Samaki wengi waliharibika. Tulikula sombe kavu, majani ya muhogo bila samaki, siku nyingi, na yeye tulimupa ya kwanza, kwa heshima.

Jioni ile papa alikinoa kikapata ncha mupya, akafunga mupini, akasema: «Visu vya kurusha viko: vizito, chuma kimoja, makali hakuna. Hiki ni chembamba, kimefanywa kwa kukata, na mupini ni wa kushika. Kukirusha ni kufunga mbuzi ku baiskeli ili aikokote.»

Leo mujukuu wangu Trésor, kijana wa ndevu za kutafuta na taa, muyomba wake amemuletea kutoka Kigoma kisu cha porini. Kina musumeno mugongoni na filimbi ndani ya mupini, asipotee kati ya jiko langu na choo. Jana akakirusha ku muvokado wangu. Muti unawasalimia, hauna neno. Kisu ncha imepinda, mupini umeachana, filimbi tunaitafuta mpaka sasa. Chenyewe kiliruka nyuma, kikaangukia ndani ya sufuria ya maharagi yenye Furaha, mudogo wake, alikuwa anachagua. Ndani, pembeni ya vidole vyake. Hapo sikucheka.

Nikamukalisha Trésor, nikamuhadisia yote. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza: «Kambo, Baba mudogo alisimama mbali kiasi gani?»

Ile nyumba yetu ziwa lilipanda likaimeza, mulango na ncha ndani yake. Zamani ukirusha kisu, mama wa mutaa muzima walikugombeza mbele bukari, ule ugali wetu, haijaiva. Siku hizi unarusha, watu wasiokujua wanakutumia kidole gumba.

Niliingia ndani, nikatoa kisu cha mama. Kunoa kumekimaliza, kimebaki kifupi kama ulimi wa mutoto, lakini kinakata. Nikaleta beseni ya mikebuka. Nikakiweka chini mbele yake, mupini unamuangalia.

Akakiangalia, akaniangalia. Akakiokota.