Kibao cha Mama Mkwe

Mke wangu alipokwenda Butiama kumuuguza mama yake, watu walianza kupotea ndani ya ua wetu. Ua wenyewe si mkubwa. Uko Bunda, pembeni ya barabara ya kwenda Guta, na tuliujenga kadiri riziki ilivyoruhusu: kwanza mashine ya kusaga, kisha duka la mbegu na dawa za pamba, kisha vyumba vya wageni, kila kimoja kikielekea kilikotaka chenyewe. Mtu anayetafuta mashine anakutana na mlango wa stoo. Anayetafuta choo anaingia dukani ameshika mkanda, na mimi naulizwa mbele ya wateja.

Zamani hayo hayakuwa tatizo, kwa sababu mke wangu alikuwa anakaa kibarazani, katikati ya ua, na cherehani yake. Alikuwa hainui hata kichwa. "Baba wa baiskeli, mashine iko nyuma, zunguka na huo ukuta." "Dada, chumba chako ni hicho chenye pazia la bluu, lakini njoo kwanza unywe uji." Mimi nilikuwa nanung'unika kwamba ana kelele. Sasa nafungua duka asubuhi, mashine haijawashwa, nasikia jinsi kile kibaraza kilivyo kimya, na hasira zangu nazimalizia kwa kuku.

Nikamwita fundi wa kuandika vibao kutoka Musoma. Akaniandikia vizuri, rangi nyeusi juu ya nyeupe: MASHINE, DUKA, VYUMBA, CHOO, kila kimoja na mshale wake. Nikadhani nimepona. Wapi. Watu walifika kwenye kibao cha kwanza, wakakisoma kwa sauti, kisha wakasimama palepale wakapiga hodi. Kwetu mgeni hajipeleki ndani ya mji wa mtu. Anasimama, anaita, anangoja mwenyeji amtokee. Mshale ungemwonyesha hata kitanda, yeye angengoja.

Kuna mama mmoja alisimama na ndoo yake ya mahindi kichwani mpaka nikamfokea kutoka dirishani. "Mama, si umesoma hapo?"

"Nimesoma, baba," akajibu bila haraka. "Sasa wenyewe mko wapi?"

Nilitoka nikampokea ile ndoo. Hata mimi nilikuwa najiuliza swali hilohilo kila nikiamka.

Jioni nilimpigia simu mke wangu nikamweleza habari za vibao. Alicheka kwanza. Halafu akauliza, "Vinachekaga na watu?" Nikasema havichekagi. Sauti yake ilikuwa imeshuka, nikajua amechoka. Mama yake hawezi tena kusimama peke yake. Ndugu zake wako mbali. Angekuwa na uwezo, alisema, angembeba amlete Bunda, amuuguze huku akishona, nami nikiwa karibu. "Lakini wewe unajua," akamaliza.

Najua. Mama mkwe hawezi kuja kuishi kwa mkwe wake. Tangu nimwoe binti yake, mimi na yule mama hatujatazamana usoni. Nikienda kwake Mwitongo, hukohuko Butiama, nasimama nje, kwenye uzio wa minyaa, mpaka mke wangu anitokee. Sijala mbele ya mama yake, wala sijakanyaga nyumba anayolala. Tukikaribia kukutana njiani, mmoja wetu anakata kona. Tunasalimiana ukuta ukiwa katikati, na ananiita mwanangu kwa sauti ya upole sana. Sikuwahi kuona ni mzigo. Ni heshima, na mimi ni mtu wa heshima, ingawa wateja wangu watakucheka ukiwaambia. Ila safari hii heshima hiyo ilikuwa imemshikilia mke wangu huko, na mimi niko huku.

Basi siku moja, nikiwa nimesimama kwenye kile kibao cha VYUMBA, nikapata wazo. Chumba cha mwisho kabisa kina paa lake peke yake, mbali na vingine. Nilibomoa ukuta wa nyuma, nikaweka mlango unaotokea kwenye kichochoro cha upande wa shamba la mihogo. Nikamjengea mama mkwe bafu hukohuko na kijukwaa cha kuotea jua. Angeweza kufika, kuoga, kuota jua na kupokea wageni wake bila mimi na yeye kuonana hata kwa bahati mbaya. Nikamwita fundi tena. Kichochoroni aliandika KWA BIBI, na mshale. Kwenye kona ya stoo, upande wangu, nikamwambia aandike MWISHO HAPA.

"Hiki wateja watakielewa, mzee?" akauliza.

"Si cha wateja. Ni changu."

Alinitazama, brashi mkononi. Naye ana wakwe. Akaandika herufi kubwa kuliko za vibao vyote.

Nilivipiga picha vyote nikamtumia mke wangu, pamoja na mlango, bafu na godoro jipya. Hakujibu siku hiyo wala iliyofuata. Nilikuwa naitazama simu mpaka mteja ananishtua. Nilishanunua hata unga wa uji wa mama.

Kisha akaja mwenyewe, peke yake, kwa gari la asubuhi. Jirani alikuwa amebaki na mama. Nilimpokea barabarani nikambebea mkoba, naye akaingia akisoma vibao kimoja kimoja na kucheka kimoyomoyo. Watu wa mashine walimwamkia kwa furaha mpaka nikaona wivu. Alipokwenda kwenye kile chumba, mimi nilisimama kwenye kibao changu, ingawa mwenye chumba hakuwepo. Nikamsikia anafungua dirisha. Nikasikia kitanda kikilia alipokaa. Alikaa muda mrefu.

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama haji," akasema. "Anasema marehemu baba amelala pale, na yeye atalala palepale. Nimemwomba sana."

Nilimpa leso yangu, akafuta macho.

"Ile picha ya mlango nilimwonyesha. Aliishika simu, hakutaka kunirudishia. Akasema, mwambie mwanangu mimi nimeshafika. Amenikaribisha, nami nimeshafika."

Alikaa kibarazani mpaka mchana akimalizia sketi ya shule ya mtoto wa jirani, akiwaelekeza watu kama kwamba hakuondoka. Mimi sikwenda dukani. Nilikaa kwenye ngazi nikimsikiliza, na mtu aliyetaka dawa ya pamba alingoja.

Alasiri nikamsindikiza kwenye gari la Butiama. Njiani nilikuwa na neno moja tu, urudi mapema. Lilinifika mdomoni zaidi ya mara moja. Lakini mke wangu atarudi siku mama yake hatakuwepo, wala hakuna njia nyingine. Yule mama amenishukuru kwa mlango ambao hataupita, na mimi usiku na mchana namtamani binti yake arudi. Nikiomba arudi upesi, ninaomba nini? Sijawahi kukosa la kumwomba Mungu namna ile.

Gari lilipowashwa, mke wangu alitoa mkono dirishani akashika wangu. "Hujasema kitu," akasema.

"Msalimie mama," nikamwambia. "Mwambie mkwe wake amesema aishi."

Alinitazama. Alijua nimemaanisha, na alijua nimejinyima nini. Akaminya mkono wangu kwa nguvu, na hakuuachia mpaka gari lilipoanza kwenda.