Vigelegele vya Mkomani

Nilipiga vigelegele siku jirani yetu alipofukuzwa nyumbani. Naungama leo, mimi nisiyetoka hata kununua chumvi, kwa sababu juzi nimeona tena kitanda kikitolewa mlango ule ule, na hasira zikanipanda upya.

Alasiri ile kitanda cha Bi Zena kilipita kwenye vichwa vya wapagazi, nyuma yake punda na masanduku yaliyonukia udi. Nikadhani ni vyombo vya harusi vinapelekwa. Nikajitokeza dirishani, nikashangilia mpaka koo likakauka.

Mama akanifinya. "Nyamaza, mjinga we! Bi Zena afukuzwa!"

Kumbe mwenye nyumba amepata mfanyabiashara mgeni wa kulipa kodi kubwa zaidi. Mgeni huyo hakumaliza mwaka. Tangu hapo wapangaji hupita kama upepo, hata majina yao hatuyajui.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, akimtakia Bi Zena heri, bila haya. Bi Zena, ambaye kila mwanamke akifa mtaani ndiye aliyemwosha, akamjibu:

"Haya, Bwana. Mamako akifa, mwite huyo tajiri wako aje amwoshe."