Uso Wangu Uko Getini, Mimi Niko Nje

Nyie, mmewahi kuzuiwa mlangoni na mlinzi aliyesimama chini ya picha yenu wenyewe?

Mimi imenikuta.

Picha yenyewe ni kubwa, inakaribia kufika juu ya geti. Ni mimi, nimevaa helmeti ya njano, meno yote nje. Chini yake wameandika: MWANAMKE ANAWEZA.

Mlinzi ananiambia, "Samahani dada, asiye mfanyakazi haruhusiwi kuingia."

Nikamwonyesha picha kwa kidole. Akatazama juu, akanitazama mimi, akaona aibu hadi nikamhurumia.

"Naijua, dada. Lakini ndiyo amri."

Sasa kaeni niwaambie ilikuwaje.

Kile ni kiwanda cha mabati. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kukata, na pale ndani jina langu lilikuwa Mkasi. Hata meneja aliniita hivyo. Bati linakuja limeviringishwa, linanyooshwa, mimi nalikata kwa kipimo alichoagiza mteja. Ukizubaa kidogo unaacha vidole. Vyangu ninavyo vyote, namshukuru Mungu.

Kwenye mashine iliyofuata alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Mimi nakata, yeye anakunja migongo ya bati. Mimi ndiye niliyemwombea kazi. Baadaye nikamwombea na mkewe, wifi yangu, akapata kazi ya kufagia na kupika chai. Mwenzenu nilijiona nimeinua ukoo mzima.

Basi bwana, wakatokea wanunuzi wakubwa. Wakasema hawanunui bati letu mpaka theluthi ya watu wa mashine wawe wanawake.

Na mwanamke wa mashine nilikuwa mimi tu.

Mnafikiri meneja alifundisha wengine? Thubutu! Alikwenda stoo akatoa ovaroli mpya. Wageni wa hao wanunuzi wakija kukagua, wafagizi na wapika chai wanavishwa, wanapangwa kwenye mashine, wanatakiwa waonekane wako bize. Ovaroli bado zina mikunjo ya dukani! Wifi yangu helmeti ilimshukia mpaka puani, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nikamwonyesha kitufe cha kijani.

"Weka mkono karibu na hapa, kunja uso kama mtu anayewaza, na usiguse kitu."

Wageni wakapiga picha zao wakaondoka wameridhika. Yangu ikapandishwa getini. Wifi akawa fundi mashine wa kuonyeshwa wageni, mshahara ukabaki ule ule wa ufagio.

Mwaka huu biashara ikayumba. Ikatangazwa kwamba watu watapunguzwa.

Wakatolewa wanaume watupu, kaka yangu akiwemo. Meneja angegusa wanawake, theluthi ingevunjika na wanunuzi wangemkimbia.

Jioni ile kaka alikuja kwangu na hasira zake. Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Sketi ndiyo imekubakiza," akaniambia.

"Kaka, kazini navaa suruali."

"Usinitanie! Wafagizi wanavalishwa ovaroli, sisi wenye kazi yetu tunatupwa nje. Kama huu si ubaguzi, ni nini?"

Na alikuwa anasema kweli.

Wanaume wakaungana, wakalalamika kwamba wamebaguliwa. Wakamchagua kaka awe msemaji wao. Mimi nikawa napeleka chakula nyumbani kwake. Watoto wakiniona wanakuja mbio, "Shangazi! Shangazi!" Yeye anapokea mfuko huku anatazama ukuta. Nikasema hasira zitaisha tu, huyu ni ndugu yangu.

Haukupita muda, meneja akaniita ofisini. Akafunga mlango.

"Mkasi, wewe ni mfanyakazi mzuri sana."

Bosi akianza hivyo, ujue kwisha habari yako.

"Hawa wanaume wananipeleka pabaya. Wanasema natoa wao tu. Lazima aonekane mwanamke anaondoka."

"Kosa langu ni nini?"

"Huna kosa."

"Sasa mbona mimi? Wanawake si tele kwenye mashine?"

Akakohoa. "Mkasi, mimi na wewe tunajua mwanamke wa mashine ni mmoja. Nikitoa mfagizi, wanaume watanicheka."

Jamani! Yaani wale wa kuigiza wabaki, mimi wa kweli niondoke! Mlinzi akanisindikiza hadi getini, glovu zangu zikabaki juu ya mashine.

Nikafungua shauri. Nikasema nimefukuzwa kwa sababu ni mwanamke, na aliyenifukuza amenitamkia hivyo kwa mdomo wake. Tatizo ni kwamba mle ofisini tulikuwa wawili tu. Nilihitaji mtu wa kusimama na kusema wazi kwamba wale wengine ni wafagizi.

Mtu huyo akajitokeza. Kaka yangu!

Alikuja mwenyewe siku aliyosikia nimefungua shauri, na safari hii alikaa. Akanishika bega.

"Nitasimama, dada. Nitasema kila kitu."

Nililia kama mtoto. Kazi ilikuwa inaniuma, lakini ndugu yangu kuninyamazia kulikuwa kunaniuma zaidi.

Siku ya shauri alinibebea mkoba. Chumba kilikuwa kidogo, feni inapiga kelele bila kuleta upepo, msuluhishi ana mafua, kila saa anatafuta leso. Meneja akaingia na shahidi wake.

Wifi. Ndani ya ovaroli.

"Mheshimiwa," meneja akaanza, "tutambaguaje mwanamke wakati theluthi ya watu wetu wa mashine ni wanawake? Mmoja wao ni huyu hapa."

Nikaropoka, "Huyo anapika chai!"

Msuluhishi akaniambia ninyamaze, akamgeukia wifi. "Mama, unaendesha mashine gani?"

"Ya kukata."

"Nani alikufundisha?"

Wifi akainamisha kichwa. "Wifi yangu. Huyo hapo."

Kitufe cha kijani, nyie! Utani wangu mwenyewe ndio ulikuwa unanimaliza.

Nikajipa moyo, kaka yupo. Kaka akasimama, akaanza kufunga vifungo vya shati ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa.

"Mheshimiwa, mimi macho yangu yalikuwa kwenye mashine yangu. Mambo ya hao wanawake siyajui vizuri."

Mtu aliyekuwa anapiga kelele mtaa mzima habari za ovaroli, leo hajui!

Nilimtazama, akakwepesha macho. Na mtanishangaa, lakini nilimsamehe pale pale. Nikajiambia, angemuumbua mkewe mbele ya watu, kesho wangekula nini? Nyumba nzima inategemea ule mshahara wa ufagio. Hata mimi ningebabaika.

Shauri langu likatupwa.

Tukatoka nje sote watatu, mimi, kaka na wifi, na mimi ndiye ninayembembeleza kaka. "Usijali kaka. Najua ulibanwa." Yeye amekumbatia tu mkoba wangu.

Meneja akapita nyuma yetu, akampiga kaka begani.

"Jumatatu, basi. Usisahau buti. Mashine ya Mkasi inakusubiri."

Nikageuka. "Mashine yangu?"

Meneja akamtazama kaka. "Kumbe hujamwambia?" Akaharakisha kwenda kwenye gari lake.

Wifi akaangua kilio hapo hapo njiani, ovaroli na yote.

"Wifi, mimi leo nimesema uongo, nilaumu tu. Lakini aliyekutaja si mimi, wala si meneja. Meneja alimwambia kaka yako, wanaume wakubali mwanamke mmoja atoke, halafu yeye msemaji atarudishwa kazini. Akamwambia amchague mwenyewe. Kaka yako akasema, 'Mke wangu msimguse, huyo mfagizi tu. Mtoeni dada yangu.' Wakamwambia asirudi kazini mpaka shauri lako liishe."

"Kaka, ni kweli?"

Akazidi kuukumbatia ule mkoba.

"Mimi nina watoto," akasema. "Wewe uko peke yako, dada. Hukosi pa kujishikiza."

Peke yangu! Na wale waliokuwa wananiita shangazi nikiwa na mfuko wa chakula mkononi walikuwa wa nani?

Nikamnyang'anya mkoba wangu, nikaondoka. Sikumtukana.

Sasa turudi pale getini nilipoanzia. Juzi nilikuwa nimefuata glovu zangu tu. Nimepata kibarua cha kukata vyuma kwenye karakana moja, nikakumbuka nina glovu nzuri zimebaki kule. Yule mlinzi, kwa ile aibu yake, akajitolea aingie akaniulizie.

Alirudi mikono mitupu.

"Dada, anayeendesha ile mashine amesema anazitumia."

Nikacheka. Nilicheka pale chini ya picha yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa, na mpaka leo siko sawa.

Ninyi mnaosoma, chukueni hili. Meneja aliniona mwanamke alipotaka kuuza bati. Kaka yangu aliniona mwanamke alipotaka kurudi kazini. Fundi hawakumwona, wote wawili, na mmoja wao nilinyonya naye ziwa moja. Kwa hiyo ukisikia kazini kwenu wanapunguza watu, usimwogope bosi peke yake. Mwangalie vizuri na yule anayekubebea mkoba.

Na wewe kaka, najua huku mtandaoni huwa unapita kusoma. Glovu ya kushoto ina tundu kwenye kidole gumba. Tafuta nyingine kabla bati halijakufikia.