Kungoja Taa

Dereva mstaafu wa teksi ameendesha Pijo za dizeli tangu bintiye akibebwa mgongoni. Hii ya sasa ni otomatiki, na mguu wake wa kushoto bado unapapasa klachi isiyokuwepo. "Gia zinajibadilisha zenyewe, mimi nimegeuka abiria," hunung'unika, kiganja kikipigapiga usukani. Hata hivyo, kila asubuhi hufungua swichi kisha akatulia, kama enzi zile za kungoja taa ya kupasha injini moto izimike.

"Baba, hii inawaka papo hapo," bintiye akamwambia leo, kutoka kiti cha nyuma alichozoea tangu utotoni.

Mzee akageukia kiti kitupu cha pembeni yake. "Najua, mwanangu. Wakati huu wa kungoja ndipo marehemu mama yako alipokuwa akimalizia kufunga kilemba."

Bintiye akaegemea kiti, akangoja pamoja naye.