Maua Marefu ya Dirishani

Fundi alishona nguo za mtaa mzima mpaka macho yakaanza kumgomea, akaiuza cherehani yake na kuhamia bustanini. Bustani yenyewe ni ukanda mwembamba wa udongo, unaoanzia chini ya dirisha la chumbani na kufuata ukuta mpaka getini. Hapo alipanda maua marefu, yale yanayompita mtu kimo, yanayoanza kufunguka chini ya bua na kupanda taratibu hadi juu. Yakikauka hakuyakata. Aliyaacha yasimame na weusi wake mpaka mbegu zipukutike zenyewe, na mvua ikinyesha miche iliota ilikopenda, hata kwenye nyufa za saruji. Kazi yake ilikuwa kupunguza tu iliyosongamana. Wapita njia waliiita kichaka.

"Na vyenu vichanue basi tuone," aliwajibu.

Mumewe ni kinyozi. Kutwa anakata nywele za watu, lakini nyumbani alikuwa haruhusiwi kugusa bua hata moja. Mtaani tulimcheka kwa hilo, naye alicheka nasi.

Kisha Fundi akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alimwambia wazi kwamba asipojikaza kutembea mapema, mguu utakakamaa na hatatembea tena. Fundi aliitikia. Alipofika nyumbani akajaribu hatua chache, maumivu yakamtoa machozi, akarudi kitandani na hakutaka tena kusikia habari za kutembea.

Kinyozi hakuwa na moyo wa kumlazimisha. Alimletea chai kitandani, maji ya kunawa kitandani, redio kitandani. Muuguzi aliyekuja kumtazama alimwonya, "Mzee, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Kinyozi akajibu kwamba huyo si mwana, ni mke wake. Mvua zilipoanza, aliichagua miche iliyoonyesha dalili ya kurefuka, akaihamishia chini ya dirisha, imefuatana kwa safu. Fundi aliitazama ikija juu, mpaka ncha zikafika kwenye kizingiti cha dirisha. Mapenzi ya aina hiyo yananitia hasira, lakini ni mapenzi.

Siku moja mdogo wake Fundi alikuja kusaidia. Ni mtu wa usafi kupita kiasi, uchafu ukimwona unakimbia. Kinyozi alipoondoka kwenda kazini, mdogo mtu alifagia, akadeki, akafua, kisha akatoka nje na jembe. Fundi, akiwa amelala, aliona ncha moja ya dirishani ikitikisika na kutoweka. Ikafuata ya pili.

"Wee! Hayo si magugu!"

"Tulia, dada. Nakusafishia. Ukicheka na nyani utavuna mabua!"

"Acha, nimesema!"

"Mimi na wewe nani anayaona? Hili ni gugu kabisa."

Ncha nyingine ikazama.

Kinyozi aliporudi mchana alikuta kitanda kitupu na shuka limeburuzwa mpaka mlangoni. Alizunguka nyumba mbio, akamkuta mkewe ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, gongo la kutembelea mapajani, jasho linamtiririka. Shemeji yake alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anairudisha miche ardhini huku akifokewa.

"Kina zaidi. Hiyo mizizi au nyuzi za kushonea? Shindilia!"

"Nani amekutoa nje?" Kinyozi aliuliza.

"Nani anitoe? Nimetoka."

"Umetembea?"

"Nimetembea, nimelia, nimefika. Huyu angemaliza yote."

Kinyozi alifurahi. Halafu ikamuuma: yeye na upole wake hakuweza kumtoa kitandani, na shemeji alimtoa kwa jembe. Akainama ambebe amrudishe ndani. Fundi akamzuia kwa gongo.

"Baba Watoto, hii nani aliipanda hapa, imebanana na ukuta namna hii? Jua itapata wapi?"

"Mimi. Nilitaka uyaone ukiwa umelala."

Fundi akashusha gongo, wala hakuwa na hasira tena.

"Ndiyo maana nililala," alisema.