Mapigo Manne Mgongoni

Harufu ya maranda ya paina kwa fundi seremala hunirudisha chumbani kwetu Mafinga, mji wa viwanda vya mbao, asubuhi ile mdogo wangu alipobanwa na kifua. Mama, mwalimu wa Kiingereza, alizoea kumbembeleza kwa wimbo wa zamani wa Waingereza: mistari yenye vina, kila mmoja mapigo manne, akiyagonga taratibu mgongoni mwa mtoto.

"Mpakate, umwimbie hivi hivi. Nakwenda kutafuta bodaboda," akaniambia.

Niliimba maneno nisiyoyaelewa, nikihesabu moja hadi nne. Mtoto akanyamaza, nikafurahi kwamba amelala. Mama aliporudi alimgusa shavu, kisha akaushika mkono wangu.

"Basi, mwanangu. Acha kuimba."

"Bado mistari miwili, mama," nikamjibu, nikaendelea kumgonga mtoto mgongoni.